Kiti cha Krismasi

Daftari la mama linanukia mafuta ya nywele. Yale ya kijani, ya kopo la duara, yenye minti kali inayopanda puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Nililikuta chini kabisa ya sanduku lake, limevalishwa karatasi ya kaki na juu yake plastiki, vilevile alivyokuwa akiyavalisha madaftari yangu ya shule kila mwaka ulipoanza. Juu ameandika jina lake kwa herufi kubwa na chini yake neno moja: ENGLISH. Sikulifungua siku hiyo. Nililibana puani kama mtoto mjinga, nikakaa nalo kitandani kwake mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama niko salama.

Watu wengine huwakumbuka mama zao kwa wimbo au kwa chakula. Mimi, jamani msinicheke, wangu namkumbuka kwa sarufi ya Kiingereza. Tena si sarufi yote. Ni ule wakati mmoja tu, ule wa kulisema jambo ambalo bado halijatokea kana kwamba umeshalivuka na sasa unalitazama kwa nyuma. Ninyi wenzangu mlikaririshwa darasani, mkaufanyia mtihani, mkausahau. Mimi ulinilea.

Tulikuwa tunakaa Durban, mtaa wa Point, karibu na bandari, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake nilidhani ni kabati la takataka, maana sikuwahi kuiona ikifanya kazi nyingine. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Upande wa dirisha tulikuwa mama na mimi. Upande wa mlango Mama Riziki, mumewe na watoto wao. Wote tulitoka Bukavu, kule Kongo. Mama alikuwa msusi. Alisukia Warwick, pale sokoni pembeni ya rank, kituo cha taxi, chini ya mwavuli, mteja kakaa kwenye kreti na yeye kasimama kutwa nzima. Kizulu kilimwingia ndani ya miezi michache tu, kwa sababu umbea wa wateja haukusubiri mkalimani. Kiingereza ndicho kilichomgomea. Na alikitaka kweli, maana kulikuwa na saluni ndani ya mall ambayo ingemchukua hata kesho yake, ila mwenye saluni alitaka mtu wa kupokea simu na kuandika miadi.

Jumamosi jioni, hata awe amechoka vipi, alinisuka mimi. Nilikaa sakafuni katikati ya magoti yake, mimi nikiangalia ukuta na yeye akiangalia kichwa changu. Mara nyingine mikono yake ilikuwa inasimama katikati ya msuko, inatulia tu pale kichwani. Nilikuwa nauliza, "Nini, mama?" Naye anajibu, "Hapana kitu, Faida. Minahesabu mistari." Halafu inaendelea.

Papa hakuwepo. Papa alibaki. Ndilo neno tulilolitumia nyumbani: alibaki. Sisi tulitangulia, yeye atafuata akimaliza mambo ya kiwanja. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa alipiga simu, mama akaiweka sauti ya juu katikati ya kitanda, na swali lake kwangu lilikuwa moja miaka yote: "Faida, umekula nini?" Nilikuwa namtajia kila kitu, mpaka chumvi. Kisha siku moja simu haikulia. Jumapili iliyofuata haikulia tena. "Réseau," mama alisema, amenipa mgongo. "Kule réseau iko mubaya." Nilikubali. Nilikuwa na miaka tisa, na hata hapo Durban tulikuwa tunapanda juu ya paa kutafuta network.

Kanisa letu lilikuwa kwenye ukumbi wa kupanga, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilikuwa inapanda mpaka kwenye madhabahu. Ibada ikiisha, watu wazima kama kumi na wawili walibaki kwa darasa la Kiingereza. Mwalimu alikuwa Mkenya, Mwalimu Mutua, kijana mwembamba aliyekuwa akisomea udaktari wa mambo ya udongo chuo kikuu. Alivaa jezi ya sufu hata siku ambazo sisi tulikuwa tunatiririka jasho. Mwanzo alikuja kanisani kutafuta watu wa kuongea nao Kiswahili, kwa upweke tu, nao wakamshika hawakumwachia. Sisi watoto tulikalishwa nyuma na biskuti na karatasi za kuchorea. Wenzangu walichora. Mimi nilisikiliza, na nikirudi nyumbani nilikuwa namsahihisha mama mpaka ananifinya.

Siku ya kile kiti naikumbuka kama jana. Mwalimu alikuwa ameandika ubao mzima na hakuna aliyeelewa. Papa Djuma, fundi wa simu, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri ingawa hakuwa mhubiri, alikuwa ameshauliza mara tatu: "Lakini Mwalimu, kitu haijafanyika, namna gani niseme imekwisha? Huo si uongo?"

"Ebu tuwachane na ubao kwanza," Mwalimu Mutua akasema. Akapanga viti vya plastiki mstari mmoja, kutoka mlangoni mpaka dirishani. "Hiki cha kwanza ni leo. Kile cha mwisho kwa dirisha ni Krismasi. Papa Djuma, tembea, uende Krismasi."

Papa Djuma akatembea kwa heshima zote, amefunga kifungo cha koti, akafika akasimama nyuma ya kiti.

"Umefika? Haya, geuka. Utuangalie. Ukiwa huko Krismasi, unaona umeshafanya nini?"

Papa Djuma akageuka. Akatutazama kwa kitambo, na uso wake ukabadilika kweli, kama mtu aliyesafiri. "Minaona nimefungua shop yangu."

"Na sisi tulio hapa leo, tungesema nini juu yako?"

"Atakuwa amefungua," mama yangu akasema kwa sauti ndogo.

"Si mnaona!" Mwalimu akapiga makofi. "Mnayo tayari! Mmekuja nayo kutoka kwenu. Kiingereza ni kuivalisha nguo nyingine tu." Akawaonyesha zile nguo: 'will' inatangulia, 'have' inakaa katikati, na mwisho kinakuja kile kitendo kikiwa kimeshakamilika, 'opened', 'finished', 'seen', 'gone'. Na mwanzoni kabisa unaitaja siku unayosimama, 'by Christmas', kufikia Krismasi. Akasema hiyo 'have' haijui mwanamume wala mwanamke, haijui mmoja wala wengi, haibadiliki. Wapi! Kwa majuma manne walisema 'she will has' mpaka Mwalimu akawa anashika kichwa.

Papa Djuma, bado yuko nyuma ya kiti, akavuta pumzi: "By Christmas, I will have opened my shop."

Ukumbi mzima ukalipuka: "AMEN!"

Mwalimu Mutua aliruka. "Ngojeni, ngojeni! Hii si ushuhuda, watu wangu. Hii ni grammar!"

"Mwalimu," Mama Riziki akamjibu, mkono juu ya tumbo lake kubwa, "mutu anasema neno muzuri ya kesho, halafu umuache hivihivi? Sisi hatuna tabia ile."

Ikawa ndiyo desturi. Unatembea mpaka kiti cha Krismasi, unageuka, unasema sentensi yako, wote wanaitika Amen. Hata ukikosea unaitikiwa, halafu ndiyo Mwalimu anakusahihisha, halafu unasema tena sawasawa na unapata Amen ya pili. Alipinga wiki mbili, ya tatu nikamsikia na yeye anaitika, chinichini.

Sasa fikirieni mtoto wa miaka tisa anayeyaona haya. Mama Riziki alikwenda kwenye kiti akasema kufikia Septemba atakuwa amezaa mtoto wa kiume. Amen. Septemba haijafika, mtoto huyo hapa, tena dume. Kwamba daktari alikuwa ameshamwonyesha kwenye picha, hilo sikulihesabu. Papa Djuma naye akafungua shop, chumba cha upana wa mlango mmoja, mtaa wa pili kutoka kwetu, miezi miwili kabla ya Krismasi yenyewe. Mimi nilimaliza hesabu zangu. Kiti kile kilikuwa mahali ambapo maneno yanatiwa muhuri. Unasimama pale, unasema, watu wanaitika, kwisha kazi.

Ndiyo maana nilianza kumkasirikia mama. Kwa sababu mama akienda kwenye kiti alikuwa anasema upuuzi. "By six o'clock, I will have cooked rice." Watu wanacheka, Amen, na kweli saa kumi na mbili wali uko mezani. Sasa wali unataka kiti? Au: kufikia kesho nitakuwa nimefua mashuka. Mtu ana mume kule ng'ambo, simu hailii, ana mahali pa kumvutia mume huyo kwa sentensi moja, naye anaombea mashuka!

Katikati ya hayo kuna wiki moja nilipelekwa kulala Chatsworth kwa dada yake Mama Riziki. Niliambiwa mama ana homa ya kuambukiza. Niliporudi nilimkuta sakafuni kwenye godoro, na kina mama wa kanisa wamekaa ukutani wanamenya viazi, na kichwa chake kimenyolewa kabisa, kinang'aa. Mama yangu, msusi, mwenye nywele nilizokuwa nazionea wivu!

"Mama! Nywele zako ziko wapi?"

Kina mama wakainama kwenye viazi vyao. Mama akajishika kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka. "Joto, mwanangu," akasema. "Durban iko na joto sana."

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nimevaa jezi mbili. Na nikakubali, haki ya Mungu nikakubali, nikaenda kuwaambia wenzangu shuleni kwamba mama amenyoa kwa ajili ya joto. Kule Warwick wateja walimtania mpaka wakachoka, msusi asiye na nywele ni sawa na mpishi asiyekula chakula chake. Yeye alifunga kitambaa akaendelea kusuka. Darasani alikosa Jumapili tatu, kisha akarudi, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Nilimuuliza wazi siku moja, akikoroga sombe, yale majani ya muhogo. "Mama, kwa nini kwenye kiti husemi kuhusu papa?"

Mwiko ukasimama. "Kile kiti iko ya Kiingereza, Faida. Haiko ya papa."

"Lakini Papa Djuma alisema shop, na shop ikaja."

"Weka sahani," akasema. Hakunigeukia. Nikaamua moyoni kwamba mama yangu hana imani, na kama yeye ameshindwa kumleta papa, mimi nitamleta.

Darasa lilifungwa mwishoni mwa Novemba. Walipamba ukumbi kwa karatasi za rangi, wakaleta soda na sambusa, na kila mwanafunzi alipaswa kusema sentensi yake ya mwisho mbele ya wageni. Nilimfuata Mwalimu Mutua mapema nikamvuta mkono wa jezi. "Mwalimu, na mimi niko na sentensi."

"Wewe? Wewe si ndiyo utafunga kabisa, Faida!" Alifurahi, maskini. Hakuniuliza ni sentensi gani.

Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima bafuni. Nilivaa gauni la njano. Jina langu likaitwa, nikatembea kwenye vile viti kimoja kimoja, leo, wiki ijayo, mwezi ujao, mpaka Krismasi, nikasimama nyuma yake. Nikageuka. Nikawaona wote: Mwalimu ametabasamu, Papa Djuma na soda yake, Mama Riziki na mtoto mgongoni, mama kule nyuma amefunga kitambaa cha bluu. Nikasema kwa sauti ya kufika mpaka duka la matairi:

"By Christmas, my father will have come."

Kimya.

Ninyi hamuwajui watu wale. Wale walikuwa wanaitika Amen hata robot, taa ya barabarani, ikiwaka kijani. Papa Djuma aliinamia viatu vyake. Mama Riziki akaanza kumtikisa mtoto ambaye hata halii. Nikadhani nimekosea. Nikahesabu kwa vidole: 'will' ipo, 'have' ipo, na 'come' ndiyo sahihi, si 'came', Papa Djuma ndiye angesema 'came'. Hakuna kosa. Nikairudia, polepole zaidi, nikisaga kila neno.

"By Christmas. My father. Will have come."

Mwalimu Mutua alivua miwani. "Sentensi yako iko sawa kabisa, Faida," akasema. "Iko sawa." Lakini na yeye hakuitika. Nilianza kuhisi machozi yananijia puani, ile aibu ya mtoto aliyeachwa amesimama peke yake mbele ya watu.

Ndipo kiti cha nyuma kikasogea. Mama alisimama. Mikono ameishikanisha tumboni, kidevu juu, akaniangalia mimi tu, akasema: "Amen."

Baada yake wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa sauti za chini kama watu waliolazimishwa. Mimi sikujali. Amen ilikuwa Amen. Nilikula sambusa nne.

Krismasi ile nilipiga pasi shati la papa, lile jeupe tulilokuja nalo, nikalitundika dirishani. Mama alipika sombe na samaki mkavu, chakula chake papa, na akaweka sahani tatu bila kuambiwa. Mimi nilikaa dirishani tangu asubuhi nikiangalia taxi zinazosimama kwenye robot kule chini, nani anashuka, ana sanduku au hana. Mchana mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Faida. Kuja tukae hapa. Niko na neno."

"Ngoja, mama. Naangalia taxi."

Alingoja. Nilimsikia akipumua nyuma yangu. Ikapita taxi, ikapita nyingine, na nyingine, na mwisho akasema, "Bon. Kula kwanza." Sahani ya tatu aliifunika kwa sahani nyingine. Kesho yake tukaila sote wawili.

Januari nilimwambia Mwalimu Mutua kiti chake ni cha uongo. Hakukasirika. Alisema, "Kiti hakiahidi kitu, Faida. Kinakufundisha tu kusimama mbali na kuangalia nyuma." Sikutaka kumwelewa. Mwaka ule alimaliza masomo akarudi Kenya, na darasa likafa.

Nilijua nikiwa na miaka kumi na moja. Mumewe Mama Riziki aliugua akafariki, na kina mama wakaja na magodoro yao upande wa pili wa pazia. Nilirudi kutoka shule nikakuta pazia limefunguliwa nusu. Mama Riziki alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yangu, palepale pangu pa Jumamosi, na mama alikuwa ameshika mashine ya kunyolea. Nywele zilikuwa zinadondoka vifungu vifungu. Hakuna aliyekuwa analia kwa sauti. Walikuwa wanamnyoa kwa sababu mume wake amekufa, ndivyo wanavyofanya kwetu, na kila mtu chumbani alilijua hilo isipokuwa mimi.

Mama akainua macho akaniona. Akaona ninakoangalia, zile nywele sakafuni.

"Toka nje, Faida," akasema. "Humu iko joto."

Joto! Nikashuka ngazi za ghorofa zote nne mbio, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho karibu na mlango wa barabarani, na nikamlilia papa wangu aliyekuwa amekufa miaka miwili mizima bila mimi kumlilia. Nililia mpaka mlinzi wa jengo akanipa karatasi ya kujifutia. Nikamaliza. Nikaenda nikanunua mkate, nikapanda, nikasema, "Mama, mkate." Nikawa mtoto wa kawaida.

Sikumwambia kwamba najua. Mtaniuliza kwa nini, na mimi mwenyewe najiuliza mpaka leo. Nilifikiri hivi: mama alisimama mbele ya kanisa zima akaitika Amen kwa sababu hakutaka niaibike. Nikimwambia najua, nitakuwa namwambia ile Amen yako ilikuwa uongo. Basi nikanyamaza. Niliacha kabisa kumtaja papa, na nilijivunia kimya changu, nilikiona ni zawadi ninayompa. Alikipata kile kiti cha saluni kwenye mall, akapokea simu kwa Kiingereza chake cha Papa Djuma, akanisomesha, nikamaliza chuo, nikapata kazi. Na kila Jumamosi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye gari langu, nilikwenda Point kukaa sakafuni katikati ya magoti yake. Mikono yake iliendelea kusimama katikati ya msuko. "Nini, mama?" "Hapana kitu. Minahesabu mistari."

Tulimzika mwaka huu, majira ya baridi. Baada ya mazishi Mama Riziki alinishika mkono akaniambia yale ambayo sikuwahi kuuliza: papa alikuwa ameshaanza safari ya kutufuata, na lori walilopanda lilipinduka kabla hawajaufikia mpaka wa Zambia. "Mama yako alitaka kukwambia kila siku," akasema. "Kila siku, Faida." Nilitikisa kichwa. Nilidhani ni maneno tu ya msibani.

Juma lililopita ndipo nilipolifungua daftari. Kurasa za mwanzo ni darasa: wali, mashuka, 'she will has' imekatwa kwa kalamu nyekundu na 'have' juu yake. Halafu, ukurasa wa Julai ile ya jezi mbili, kwa mwandiko wa mama uliolala upande: By Sunday, I will have told Faida. Pembeni, tiki nyekundu ya Mwalimu Mutua. Chini yake: By September, I will have told Faida. Tiki. By Christmas, I will have told Faida. Tiki, na ile tiki imetetemeka.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Tiki zimekwisha, Mwalimu ameshaondoka, lakini mama hakuacha. By Easter. By her birthday. Kuna mahali ameandika 'by the time Faida will finish matric', yaani mtihani wa mwisho wa sekondari, akakumbuka kwamba baada ya 'by the time' hiyo 'will' haitakiwi, akaikata mwenyewe akaandika 'finishes'. By the time Faida starts work. Kalamu zinabadilika, bluu, nyeusi, penseli ya saluni. Miaka zaidi ya ishirini, na sentensi ni moja. Ya mwisho imeandikwa kwa mkono wa mgonjwa, herufi zinapanda na kushuka: By the time I go, I will have told Faida. Haina kosa hata moja.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mzigo ule aliubeba peke yake miaka yote hiyo, na mimi nimekaa pale miguuni pake, nina maneno mawili mdomoni ya kumtua, nikayameza nikijiona mwana mwema. Labda alidhani nimemsahau papa. Labda alidhani sijali. Nina hamu na mama yangu kiasi kwamba nikipita Warwick nikaona mwanamke yeyote amesimama nyuma ya mteja, natembea polepole niangalie mikono yake.

Nimezisoma sentensi zile zote kwa sauti, chumbani kwake, moja baada ya nyingine. Sikuziitikia Amen. Nirudishieni Jumamosi moja tu. Nikae sakafuni, niangalie ukuta, harufu ya minti inipande puani, mikono yake isimame kichwani pangu katikati ya msuko, na mimi nisiulize nini. Nimwambie tu: Najua, mama. Suka.